Kambare akiwa na mnyoo, usikimbilie kumtupa

UKISHUKA kutoka matatu ya nambari 46 kule Kawangware saa za magharibi, au ukikata kupitia soko la Toi kuelekea Makina na Laini Saba mtaani Kibera, harufu itakayokupokea kabla ya nyingine yoyote ni ya samaki anayekaangwa. Makarai yamepangwa kando ya njia, mafuta yanachemka, na akina mama wameketi nyuma ya meza zenye samaki wa kila aina. Kuna ngege, kuna mbuta, kuna omena wa kupimwa kwa mkebe, na kuna mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa na ambayo imelisha familia nyingi za mitaa hii.

Kambare naye hakosi. Waliotoka pande za ziwa humwita mumi. Ni yule mwenye kichwa bapa, masharubu manane na ngozi nyororo isiyo na gamba hata moja. Wakati mwingine huuzwa angali hai, akijipinda kwenye beseni lenye maji kidogo, kwani juu ya matamvua yake ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa kama wewe na mimi. Ndiyo maana anaweza kusafirishwa mbali ndani ya gunia lililoloweshwa na afike Nairobi akiwa mzima.

Si kila mtu anayempenda. Wasabato hawamli kwa kuwa hana magamba, na hilo ni jambo la imani ambalo makala haya hayaligusi. Wapo pia wasiomtaka ati kwa vile anafanana na nyoka. Hao nao tuwaache na macho yao. Lakini iko sababu nyingine inayotolewa na watu ambao hawana neno na sura yake wala na ukosefu wake wa magamba, nayo ni hii: kambare ana minyoo.

Madai hayo si uzushi mtupu. Mpasue kambare wa kutoka ziwani au bwawani, na huenda ukakuta kwenye utando unaoshikilia matumbo vitu vyeupe vilivyojikunja mfano wa springi ya kalamu. Wakati mwingine ni mnyoo mwekundu, mnene kama uzi wa sweta. Kinachofuata twakijua. Mteja anapiga ukelele, majirani wanakusanyika, na kufikia kesho yake ploti nzima imejua kuwa samaki wa mama fulani wana funza. Wahenga walisema samaki mmoja akioza ni mtungo pia. Hapa hata hajaoza, lakini mtungo umekwisha kususiwa.

Mama aliyechukua pesa za chama kwenda kununua samaki Gikomba alfajiri hana njia ya kurudisha mtaji huo. Na kwa upande wa mteja, watoto ambao wangekula samaki usiku huo wanarudia ugali kwa sukuma wiki. Hasara ni ya wote wawili, na mara nyingi haikuwa na haja.

Basi tuliangalie jambo hili kwa makini. Je, kambare wote hubeba vimelea sawasawa, ama yuko aliye na nafuu? Na je, mnyoo huyo akiingia kwenye sufuria yako atakudhuru?

Kambare si mmoja

Kwanza ni vyema msomaji aelewe kwamba jina kambare hubeba samaki wengi. Anayefugwa nchini Kenya, na ambaye bila shaka ndiye umemwona sokoni, wataalamu humwita Clarias gariepinus. Katika Ziwa Victoria ana ndugu zake wadogo ambao hawafiki ukubwa wake, na ana binamu mkubwa aitwaye Heterobranchus. Wafugaji wa Nigeria humvusha huyu wetu na binamu huyo wakapata chotara anayekua haraka. Thailand nao walimchukua dume wa gariepinus wakamvusha na jike wa kambare wao wa kienyeji, macrocephalus. Nia yao ilikuwa kupata nyama tamu ya mama pamoja na ukuaji na ugumu wa baba, kwa sababu yule wa kienyeji hushikwa na maradhi upesi. Kwa maneno mengine, kambare huyu tunayemcheka kwa masharubu yake anasifika ng'ambo kuwa ni mgumu.

Hata hivyo, mfano unaoeleza vizuri zaidi jinsi aina inavyoweza kutofautiana na aina unatoka Marekani, katika jimbo la Mississippi, ambako ufugaji wa kambare ni biashara kubwa. Kambare wao si wa ukoo wa wetu. Yuko mwenye madoadoa, Ictalurus punctatus, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyejaza vidimbwi, na yuko wa buluu, Ictalurus furcatus. Ndani ya tope la vidimbwi hivyo huishi mnyoo mwembamba ambaye hutoa viini vya kimelea kiitwacho Henneguya ictaluri. Viini hivyo huelea majini vikatafuta matamvua ya samaki. Vikisha kuingia, matamvua huvimba, hukatika na kuvuja damu hata yakafanana na nyama ya kusaga. Wakulima, kwa ucheshi wa watu waliopata hasara, waliubandika ugonjwa huo jina la hambaga.

Sasa sikiliza hili. Weka wa madoadoa na wa buluu katika maji yaleyale yenye viini vilevile, na wa madoadoa ndiye atakayeumia zaidi. Katika mwili wa yule wa buluu kimelea huingia lakini hupata taabu kukomaa. Wataalamu walipowachanganya, jike wa madoadoa na dume wa buluu, walipata chotara ambaye huambukizwa pia, lakini vimelea wengi hushindwa kumaliza safari yao ndani yake. Chotara huyo ameenea mno katika vidimbwi vya Mississippi, ingawa si kwa sababu ya kimelea hiki peke yake. Anakua haraka na kustahimili maradhi mengine pia.

Hivyo jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Damu ya samaki ina uzito wake. Kwa nini basi mkulima wa Kenya hapewi kambare asiyeshikwa na minyoo kama vile anavyopewa mahindi yasiyoshikwa na ugonjwa fulani?

Sababu moja ni kuwa kambare wetu tayari ana kinga moja ambayo yule wa Mississippi hana. Wa Mississippi akiharibikiwa na matamvua amekwisha, kwa kuwa hana pa kupumulia kwingine. Wa kwetu hupanda juu akagugumia hewa. Nasema hivi nikiwa na tahadhari moja: kiungo hicho cha kuvutia hewa hakipo tangu kuzaliwa. Huchukua kama wiki 2 hadi 3 kukua. Kabla ya hapo kifaranga hutegemea ngozi na matamvua tu, na vijidudu vya ngozini vikimvamia wakati huo hufa kwa mamia. Mkulima anayelalamika kuwa vifaranga vyake viliisha usiku mmoja huenda hakurogwa.

Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi. Minyoo mingi inayoonekana tumboni mwa kambare haichagui damu, huchagua mazoea. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chacha Mwita na Gamba Nkwengulila, walipasua kambare wa jamii mbalimbali kutoka Ziwa Victoria upande wa Tanzania na kuhesabu vimelea vyao. Kazi yao ilichapishwa mwaka wa 2008. Walichotaka kujua ni kama samaki hubeba minyoo kwa sababu ya ukoo wake au kwa sababu ya maisha yake. Yaliyojitokeza ni kuwa ukubwa wa samaki, chakula chake na namna anavyozurura ni mambo yenye uzito mkubwa.

Ukifikiri kidogo utaona mantiki yake. Kambare hula kila kitu. Hula konokono, hula wadudu, hula vyura, hula samaki wadogo, hula na ndugu zake. Kila anayemmeza, humeza na minyoo yake. Kambare mkubwa ameishi miaka mingi zaidi akimeza, basi tumbo lake ni kama ghala. Kwa hivyo ukiona mnyoo kwenye kambare wa kilo 5 kuliko kwenye yule wa nusu kilo, usishangae. Kustaajabisha ni kwamba kambare aliyejaa minyoo hiyo mara nyingi huwa mnene na mwenye afya, kana kwamba hana habari.

Ndege juu, konokono chini

Ile minyoo myeupe iliyojikunja huitwa Contracaecum. Safari yake ni ndefu na yafaa kuelezwa, maana mfugaji asiyeijua atapoteza pesa akinunua dawa zisizohitajika. Mnyoo mzima hukaa tumboni mwa ndege walao samaki, kama vile mnandi na mwari. Ndege akinya majini, mayai huanguka, yanaanguliwa, na vidudu vidogo vya majini huvila. Visamaki hula vidudu hivyo. Kambare hula visamaki. Ndani ya kambare mnyoo haendelei. Hujikunja akasubiri kambare aliwe na ndege ndipo naye akomae. Yaani kwake kambare ni kituo cha matatu tu, si nyumbani.

Vipo vingine vinavyopitia konokono. Mmoja huenda kujificha ndani ya fuvu la kambare, karibu na ubongo, akisubiri korongo. Huyo mama wa jikoni hatamwona kamwe. Profesa Ilan Paperna, aliyeandika kitabu cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kuhusu maradhi ya samaki wa Afrika kilichotolewa upya mwaka wa 1996, alivieleza vimelea hivi kimoja baada ya kingine, na karibu katika kila ukurasa utakutana na ndege ama konokono.

Tukumbuke pia historia yetu ya karibuni. Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambao ulitaka kila eneobunge kati ya 140 lichimbiwe vidimbwi 200, kila kimoja kikiwa na mita mraba 300. Watu ambao hawakuwahi kufuga samaki walijikuta na kidimbwi nyuma ya nyumba. Vifaranga vilitakikana kwa wingi mno kuliko vilivyokuwako, na vituo kama kile cha Sagana, kilichoanzishwa mwaka wa 1948, vilizidiwa. Baadaye vidimbwi vingi viliachwa vikaota nyasi. Kidimbwi cha nyasi ndicho makao anayoyapenda konokono, na kisicho na wavu juu ni hoteli ya ndege.

Ufugaji wa kambare una jambo moja ambalo wengi hawalijui. Ili kupata vifaranga, jike hudungwa sindano ya maji ya tezi iliyotolewa kichwani mwa kambare mwingine, kisha mayai hukamuliwa. Dume naye hakamuliki. Sharti achinjwe ili mbegu zake zitolewe. Kwa sababu hiyo wafugaji wengine wa vifaranga huona uchungu kuchinja madume wengi, wakatumia wachache waliopo, vizazi kwa vizazi, hadi ndugu wanazaliana. Samaki wa namna hiyo wanaweza kuzaliwa dhaifu. Unaponunua vifaranga, uliza wazazi walitoka wapi. Swali hilo lina maana kuliko kuuliza jina la aina.

Wapo pia wakazi wa Nairobi na viunga vyake wanaofugia kambare kwenye matangi ya plastiki au mashimo yaliyotandikwa turubai. Hapo ndege hana nafasi na konokono ni wachache, kwa hivyo ile minyoo ya tumboni hupungua. Lakini usidhani umepona. Samaki waliosongamana kama abiria wa matatu ya jioni huambukizana vijidudu vya ngozi na matamvua, vile visivyoonekana kwa macho. Dalili ni samaki kujisugua ukutani, kutoa ute mwingi kupita kiasi, kukataa chakula na kuning'inia karibu na uso wa maji. Tiba ya kwanza si dawa. Ni kupunguza samaki, kubadilisha maji na kuacha kulisha chakula kinachobaki na kuoza. Wataalamu huwaogesha pia katika maji ya chumvi kwa muda mfupi, ila kipimo mwulize afisa wa samaki wa kaunti yako, usikisie.

Kwa wenye vidimbwi vya udongo, baada ya kuvuna kausha kidimbwi chote juani na unyunyize chokaa kabla ya kujaza maji mapya. Fyeka nyasi za kandokando. Tandaza wavu au kamba juu. Na hapa nina ombi kwa wafugaji wanaokuja mitaani kuokota matumbo ya samaki kwa wachuuzi ili wakawalishe kambare wao kwa sababu ni chakula cha bure: msiwape yakiwa mabichi. Yule mnyoo aliyejikunja ndani ya utumbo hajafa. Akimezwa na kambare wako atajikunja upya ndani yake, nawe utakuwa umemnunulia nauli kutoka Kibera hadi shambani kwako. Yachemsheni kwanza.

Jikoni mwako

Tuje sasa kwako wewe uliyeshika kisu. Mnyoo wa samaki anaweza kumdhuru binadamu akiliwa angali hai. Mwaka wa 1982 huko Baltimore, Marekani, wavuvi waliomeza visamaki vizimavizima wakiwa hai waliumwa na tumbo vibaya sana. Madaktari walipowapasua baadhi yao waliikuta minyoo myekundu ya jamii ya Eustrongylides ikitoboa matumbo. Mnyoo wa jamii hiyohiyo hupatikana katika kambare wa Afrika. Kule Thailand, ambako vyakula vya samaki asiyeiva vizuri ni vya kawaida, kambare ni mmoja wa samaki wanaopitisha mnyoo mwingine ambaye hutembea chini ya ngozi ya mtu.

Lakini nani Kawangware anakula samaki mbichi? Hapa kwetu hatari haiko kwenye desturi, iko kwenye haraka. Mteja amesimama, ana njaa, mafuta yamewaka moto, kambare mnene anatumbukizwa na baada ya dakika chache ngozi imekuwa rangi ya kahawia. Ndani, karibu na uti wa mgongo, nyama ingali na maji ya pinki. Mnyoo hufa joto la ndani ya nyama likifika nyuzi 63 za Selsiasi, na mafuta ya moto mkali hayasaidii ikiwa joto halikufika ndani.

Mpasue mapema, usimlaze na matumbo yake, kwa kuwa samaki akifa minyoo mingine hutoka tumboni ikaingia nyamani. Toa matumbo pamoja na ule utando wote, ukiwa mwangalifu usitoboe nyongo. Osha ndani kwa maji mengi. Mkate mikato ya kina ubavuni ili mafuta yapenye, au umkate vipande. Apikwe hadi nyama iwe nyeupe, inabanduka kwa uma na kuachana na mfupa bila ubishi. Ukiona nyama inang'ang'ania mfupa, mrudishe jikoni. Kisu na ubao uliomkatia usivitumie kukatia kachumbari kabla ya kuviosha kwa sabuni na maji ya moto, maana kachumbari haipiti motoni.

Wengine huuliza kuhusu barafu. Ni kweli barafu huua, lakini inatakiwa nyuzi 20 chini ya sufuri kwa muda wa siku 7 mfululizo. Katika nyumba ambazo stima hupotea kila wiki, ahadi hiyo ni ngumu kutimizwa. Moto hauna hitilafu hizo. Kumwanika juani au kumtia chumvi kwa siku moja nako kusikupe imani.

Kwa hivyo, mama akikuonyesha kambare mwenye vimnyoo vichache tumboni, huna haja ya kugombana naye. Vitolewe pamoja na matumbo, samaki apikwe, mle. Jambo la kumkataa samaki ni jingine kabisa: macho yaliyozama, nyama inayobonyea na kubaki hivyo, vidonda ngozini, harufu ya kuoza, au minyoo iliyotapakaa ndani ya nyama yenyewe na si tumboni tu. Huyo asinunuliwe, na mchuuzi asione haya kumrudishia aliyemuuzia.

Lipo tena jambo ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kututia hofu kuliko minyoo yote niliyoitaja. Bwawa la Nairobi, lililo chini ya Kibera, lilijengwa mwaka wa 1953 ili kuwapa wakazi wa mji maji ya kunywa. Miaka mingi sasa limekuwa likipokea maji machafu yanayoteremka kutoka mitaani na limefunikwa na magugu-maji mara kwa mara. Kambare ana uwezo wa kuishi katika maji ambayo samaki wengine hawawezi, na ndiyo maana hatuwezi kumtumia yeye kama ushahidi kuwa maji ni salama. Samaki wa maji ya taka anaweza kukusanya mwilini madini mazito kama risasi, na vitu hivyo havionekani, havinuki, wala havifi kwa moto. Ukimkaanga hadi awe mkaa, risasi itabaki palepale, na wanaoathirika zaidi ni watoto wadogo na akina mama wajawazito.

Basi utakaposimama mbele ya beseni, badala ya kuuliza kama kambare ana minyoo, muulize mama samaki wametoka maji gani. Wengi watakuambia bila kusita kwa kuwa wanawajua waliowauzia: Kisumu, Busia, vidimbwi vya Kirinyaga. Asiyetaka kusema alikowatoa, mwachie beseni lake uende kwa jirani yake.